Mwani wa Kibuyuni: Nani Tajiri, Nani Kibarua?

Kibuyuni, kijiji kilicho karibu na Shimoni, huko kusini mwa pwani ya Kwale, hakina kiwanda chenye king'ora. Hata hivyo kila bamvua, maji yakishakupwa na mchanga ukaonekana, wanawake huteremka na kamba zao begani kwenda kulima mwani, zao ambalo ute wake huishia katika dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi vya watu wasiopata kuisikia Kibuyuni. Biashara hii ilitutangulia ng'ambo ya mpaka: mwaka 1989 ilianza Paje na Jambiani, Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino.

Kila kipande cha mbegu hufungwa kwa uzi wake katika kamba, kamba ikanyooshwa baina ya vigingi viwili, na baada ya wiki sita hivi, iwapo maradhi ya kupauka hayakuingia, mwani huvunwa na kuanikwa chanjani hata kilo saba au zaidi za mbichi zibaki moja kavu. Mlimaji huinama saa nyingi, maji ya chumvi kiunoni na mwako wa jua machoni. Uchunguzi uliofanywa Unguja na kuchapishwa mwaka 2012 ulitaja uchovu, maumivu ya viungo, macho kuuma na kuchomwa na viumbe vya baharini.

Huko Ulaya sheria zimeanza kumwuliza mnunuzi habari za mikono iliyochuma bidhaa yake. Ya Ujerumani ilianza kutumika Januari 2023, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha maagizo yake. Suala hilo likishuka ngazi kwa ngazi hadi ufukweni, hukuta jambo la ajabu: kwa mujibu wa karatasi, mlimaji wa mwani si mfanyakazi wa mtu. Katika mtindo uliozoeleka Unguja, mnunuzi hutoa kamba na nyuzi, kisha yeye ndiye apangaye bei. Ama hasara ya kamba zilizong'olewa na mawimbi, hiyo humwangukia mlimaji peke yake. Kumtaka bibi huyu atie sahihi ahadi ya ujira wa haki, ilhali bei haijui mpaka gunia lipande mizani, naona ni dhihaka.

Lakini insafu yatulazimu tutazame na upande wa pili. Kikundi chenyewe cha walimaji, siku kinapomwita jirani kufunga mbegu kwa malipo ya kamba, kimekuwa tajiri mdogo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema kibarua wa kutwa akifanya kazi siku zinazofuatana zisizopungua mwezi mmoja kwa jumla, mkataba wake hugeuka kuwa wa mshahara wa mwezi. Nayo kazi ya mwani hukatwa na maji mafu kila baada ya siku chache, hata huenda mtu akafunga mbegu mwaka mzima bila ya kuufikia huo mwezi. Sheria huhesabu siku, kibarua wetu huhesabu mwezi wa mbinguni.

Vivyo hivyo kwa watoto. Sheria hiyo hairuhusu kuajiri aliye chini ya miaka 13, na wa 13 hadi 16 apewe kazi nyepesi tu. Sasa, maji ya bamvua pwani yetu hukupwa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, yaani wakati wa darasa. Anayekagua kwa niaba ya mnunuzi hana haja ya maswali marefu. Na achukue jedwali la maji na daftari la mahudhurio ya skuli, ayaweke pamoja.

Msaada ufaao biashara ndogo kama hizi si mkubwa wa gharama: bei itangazwe kabla ya kupanda, mizani ya pili iwe mikononi mwa kikundi, viatu na miwani ya jua vihesabiwe pamoja na kamba katika vifaa atoavyo mnunuzi, na daftari moja liandikwe nani kafunga kamba ngapi na kalipwa lini. Kikundi kitauliza gharama hiyo nani ailipe. Kwa kuwa hati za ukaguzi ni shuruti ya mnunuzi, na faida yake ni yeye kuingia sokoni kwake, mimi ningeiandika katika hesabu yake, juu ya bei ya kilo.