Donda la Mguu Lisilopona, na Kazi ya Bendeji

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Magadi, akiisha kuupita mji wa Kiserian, hufika mahali pa juu paitwapo Kona Baridi. Jina hilo halikutolewa bure, kwani upepo wa hapo hupenya hata koti zito. Kisha njia huteremka kwenda Olepolos na Olorgesailie, na joto huzidi mpaka ziwani Magadi. Mwenye miguu mizima huvua koti tu, akaendelea na safari yake. Lakini mwenye mishipa mibovu ya miguu hutambua mabadiliko hayo upesi, maana joto huipanua mishipa, na jioni kiatu kilichomtosha asubuhi hakimwingii tena.

Ugonjwa huo huja polepole. Mishipa ya shavu la mguu huvimba na kujipinda. Ngozi iliyo juu ya kifundo, hasa upande wa ndani, huwa nyeusi na ngumu. Halafu siku moja mkwaruzo mdogo wa mwiba hugeuka donda. Miezi hupita, pengine miaka. Mgonjwa hupaka majivu, hufungua vidonge na kumwaga unga wake juu ya donda, hupigwa sindano baada ya sindano, hata huuza mbuzi ili apate fedha za dawa, na donda li pale pale. Majirani husema ni donda ndugu, au kwamba amerogwa.

Neno hilo donda ndugu limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Liko donda la ugonjwa wa kisukari, liko la ukoma, liko la seli mundu, na kila moja lina matibabu yake. Hata donda la siku nyingi ambalo kingo zake zimeinuka huenda likawa saratani, na yafaa daktari akate kipande kidogo kukipima. Donda linalosimuliwa hapa hutokana na mishipa irudishayo damu moyoni, wala hakuna dawa ya kupaka iliyo bora kwake kuliko bendeji iliyofungwa vema.

Sababu yake ni hii. Moyo huisukuma damu hata unyayoni, lakini kuipandisha tena ni kazi ya nyama za shavu la mguu. Kwa kila hatua nyama hizo huikamua mishipa, na ndani ya mishipa mna vilango vidogo viiachavyo damu ipande, visiiache ishuke. Mtu asimamapo kimya, shinikizo la damu katika mishipa ya kifundo hufika kama milimita 90 za zebaki. Mwenye afya akitembea, hushuka chini ya 30. Vilango vikiharibika, labda kwa urithi, kwa kuzaa mara nyingi, au kwa damu iliyoganda zamani mguuni, shinikizo halishuki ipasavyo hata mtu akitembea. Maji huvuja na kuingia katika nyama, ngozi hudhoofika, na donda hukosa nafasi ya kufunga.

Daktari Denis Burkitt, aliyeanza kazi Uganda mwaka 1946, aliandika mwaka 1972 kwamba mishipa ya namna hii ilikuwa adimu kwa Waafrika wa mashambani. Yeye alidhani chakula ndicho sababu, na hoja hiyo haikupata kuthibitishwa. Hata hivyo ni wazi kwamba mchungaji wa Kajiado huitumia pampu ya miguu yake kutwa, hali karani aketiye mezani na mama asimamaye kibandani Kitengela tangu alfajiri huiacha bila kazi.

Bendeji huisaidia pampu hiyo kutoka nje. Huko Hamburg, katika karne ya 19, daktari Paul Gerson Unna alifunga miguu kwa bendeji zilizopakwa zinki, na namna yake ingali ikitumika. Baadaye mhandisi wa Marekani, Conrad Jobst, ambaye mwenyewe aliugua mishipa, aliona kwamba miguu yake hupata nafuu asimamapo katika bwawa la kuogelea, kwa kuwa maji hubana zaidi kadiri kina kinavyozidi. Akatengeneza soksi zibanazo sana kifundoni na kulegea kuelekea gotini.

Mfungaji huanza penye mizizi ya vidole, hufunika kisigino, na kila mzunguko hufunika nusu ya uliotangulia mpaka chini ya goti. Akivuta kwa nguvu ile ile, kifundo, kwa kuwa ni chembamba, hubanwa zaidi kuliko shavu: kama milimita 40 za zebaki kifundoni, na karibu nusu yake juu. Muundi huwekewa pamba kwanza. Bendeji nyeupe ya kufunikia jeraha, isiyovutika, haifanyi kazi hii. Na mpira uliokazwa chini ya goti ni madhara matupu, maana huizuia damu kupanda.

Lakini iko hatari ambayo haifai kufichwa. Mguu ambao mishipa yake ipelekayo damu imeziba, kama ilivyo kwa wavutaji tumbako na wagonjwa wa kisukari wengi, ukibanwa kwa nguvu huweza kuoza. Kwa hiyo kabla ya kufunga, mganga hulinganisha shinikizo la damu la kifundo na la mkono. La kifundo likiwa chini ya sehemu 8 katika 10 za lile la mkono, bendeji ya nguvu haifungwi. Vidole vikifa ganzi au kugeuka rangi, bendeji hufunguliwa mara moja, hata usiku.

Donda likipona huweza kurudi. Katika uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2004, waliofungwa bendeji na waliofungwa pamoja na kupasuliwa mishipa walipona sawasawa. Lakini katika mwaka mmoja donda liliwarudia 28 kwa kila 100 wa kundi la kwanza, na 12 tu wa kundi la pili. Asiyepata kupasuliwa hubaki na soksi za kubana. Huko Magadi soksi hizo ni taabu kwa joto, na wengi huzivua saa sita mchana. Kona Baridi ni rahisi zaidi kuzivumilia. Huvaliwa alfajiri, kabla ya kushusha miguu kitandani, wakati uvimbe haujaanza.