Je, Wajua? Warta Poznań, Klabu Ndogo Yenye Historia Nzito

Je, wajua kwamba Warta Poznań ina umri mkubwa kuliko Poland huru? Ilianzishwa mwaka 1912, mji wa Poznań ukiwa bado mikononi mwa Ujerumani. Waanzilishi waliipa jina la mto unaopita mjini hapo. Poland ilirudi kwenye ramani mwaka 1918.

Je, wajua kwamba soka si mchezo wake pekee? Warta imelea pia wachezaji wa mpira wa magongo na mabondia. Bondia wake Franciszek Szymura alitwaa medali ya fedha ya Ulaya mwaka 1937, akairudia mwaka 1939.

Je, wajua kwamba bao la kwanza la Poland katika Kombe la Dunia lilifungwa na mchezaji wa Warta? Ni Fryderyk Scherfke, kwa penalti, dhidi ya Brazil mjini Strasbourg, Juni 5, 1938. Poland ilifungwa 6–5 baada ya muda wa nyongeza. Sifa zote zikamwendea Ernest Wilimowski, aliyepachika mabao manne yaliyobaki.

Je, wajua kwamba ubingwa wake wa kwanza wa ligi, mwaka 1929, uliamuliwa mezani? Warta ilikuwa imefungwa 2–1 na Klub Turystów ya Łódź, lakini matokeo yakafutwa na Warta ikapewa ushindi. Garbarnia ya Kraków, iliyokuwa ikiongoza, ikabaki ya pili. Ubingwa wa pili, wa mwaka 1947, Warta iliupata uwanjani.

Je, wajua kwamba uwanja wake wa zamani uligeuzwa kambi? Kati ya 1941 na 1943, Wanazi waliwafungia humo Wayahudi waliotumikishwa kwa nguvu. Baadaye uwanja ulipewa jina la Edmund Szyc, mmoja wa waanzilishi wa klabu. Kisha ukaachwa, majukwaa yakamezwa na miti.

Je, wajua kwamba Warta iliporejea ligi kuu mwaka 2020, baada ya miaka 25, haikuwa na uwanja unaokidhi masharti? Mechi zake za nyumbani ilizichezea Grodzisk Wielkopolski, zaidi ya kilomita 40 kutoka Poznań. Hata hivyo, msimu huo ilimaliza ya 5. Jirani yake tajiri, Lech Poznań, alishika nafasi ya 11.