Simu ya Video: Programu au Kivinjari? Na PIN Yako Je?

Kama una binti au kaka anayefanya kazi Dubai, hili unalijua: meseji ya WhatsApp inapita, lakini simu yake hapana. Usilaumu bando wala mtandao wa Msambweni. Falme za Kiarabu zimezuia simu za WhatsApp kwa miaka mingi, ila Zoom, Google Meet na Microsoft Teams zinaruhusiwa. Sasa swali: uweke programu mpya, au ufungue kwa kivinjari kama Chrome?

Programu inaita hata simu ikiwa mfukoni. Kama mnaongea kila jioni, iweke. Ubaya wake inakula nafasi, na simu iliyojaa picha za harusi itaanza kulalamika. Ipakue Play Store pekee. Faili ya programu iliyotumwa kwenye kikundi, usiiguse.

Kivinjari hakitaki uweke chochote. Unatumiwa linki, unabonyeza, unaruhusu kamera na maikrofoni, mnaonana. Kinafaa kwa simu ya mara moja, mfano mgeni anayetaka kuona chumba chako cha Diani kabla ya kulipa arbuni. Lakini hakitakuita, kwa hivyo kubalianeni saa. Dubai iko mbele yetu kwa saa 1.

Bando je? Tofauti ni ndogo, manake kinachokula data ni picha. Kwa video safi ya watu wawili, Zoom hutaka kbps 600 kila upande. Hiyo ni kama MB 540 kwa saa, kwenda na kurudi. Picha ikikwama, zima kamera muendelee kwa sauti.

Sasa pesa yako. Programu inaweza kuonyesha skrini yako kwa mwenzio. WhatsApp nayo iliongeza huduma hiyo 2023. Matapeli wanaipenda sana. Anajifanya wa huduma kwa wateja: "Nionyeshe skrini nikurudishie pesa zako." Ukikubali, anasoma salio lako na kila SMS ya kuthibitisha inayoingia.

Kwa hivyo:

- Usimwonyeshe skrini mtu usiyemjua.
- Usifungue menyu ya pesa ukiwa kwenye video.
- "Binti" akiomba pesa kwa namba mpya na hataki kuonyesha uso, kata. Mtafute kwa namba yake ya zamani kwanza.

Sisi hatukupigii video, na PIN yako hatuiulizi kamwe.