Spana ya filta (pikipiki)

Spana ya filta ni kifaa cha mkono kinachotumika kulegeza na kufungua filta ya oili kwenye injini ya pikipiki au gari. Filta, yaani chujio, hukamata vumbi, masizi na chembe za chuma ili zisizunguke pamoja na oili ndani ya injini. Kuna spana za filta za namna nyingi, na si kila pikipiki inahitaji mojawapo. Kwa sababu hiyo kifaa huchaguliwa baada ya kutambua aina ya filta iliyopo.

Aina za filta

Pikipiki nyingi za bodaboda nchini Tanzania zina injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150. Kwa jumla, filta za pikipiki ni za aina nne, na injini moja inaweza kuwa na zaidi ya aina moja:

- Wavu: kipande cha chujio cha chuma au plastiki kilicho karibu na sehemu ya chini ya injini. Hakibadilishwi kila mara. Huoshwa na kurudishwa.
- Filta ya mzunguko: kikombe cha chuma kinachozunguka pamoja na kranki. Uchafu, kwa kuwa ni mzito kuliko oili, hutupwa ukingoni na kuganda humo. Injini ya Honda CG125, iliyoigwa na viwanda vingi vya China, ina filta hii nyuma ya kifuniko cha upande wa kulia.
- Kiini cha karatasi: filta isiyo na kopo lake, iliyo ndani ya chumba cha injini na kufunikwa kwa kifuniko chenye bolti.
- Filta ya kopo: kopo la chuma lenye karatasi ndani, linalofungwa kwa kuzungushwa. Hupatikana zaidi kwenye pikipiki kubwa na kwenye magari.

Ni filta ya kopo pekee inayohitaji spana ya filta. Aina nyingine hufunguliwa kwa spana, soketi au bisibisi za kawaida.

Vifaa vya wavu, mzunguko na kiini

Kizibo cha wavu hufunguliwa kwa soketi au spana ya ringi inayokaa sawasawa kwenye pembe zake sita. Spana malaya na plaizi hula pembe za kizibo.

Bolti za kifuniko cha kiini cha karatasi kwa kawaida zina kichwa cha milimita 8 au 10. Ni bolti nyembamba zinazoingia kwenye aluminiamu, hivyo soketi yenye mpini mfupi inatosha. Mpini mrefu humpa fundi nguvu nyingi kuliko inavyotakiwa, na thredi za aluminiamu hufa mapema kuliko bolti.

Filta ya mzunguko ina kifuniko kidogo cha skrubu za nyota. Skrubu za pikipiki za Kijapani hazilingani kabisa na bisibisi ya nyota ya kawaida, hivyo ncha huteleza na kula kichwa. Bisibisi ya kugongwa kwa nyundo husaidia, kwa sababu pigo huisukuma ncha ndani ya skrubu huku likiizungusha. Kwa kusafisha kikombe, nati kubwa ya katikati haiguswi. Hufunguliwa tu pale kikombe chenyewe kinapotakiwa kutoka, na huhitaji soketi maalumu yenye meno manne.

Vifaa vya filta ya kopo

- Spana ya kofia hufunika mwisho wa kopo na kushika kingo zake. Ndiyo salama zaidi, lakini lazima kipimo kilingane. Filta nyingi za pikipiki za Kijapani hutumia kofia ya milimita 65 yenye pande 14.
- Spana ya mkanda au ya cheni huzunguka kopo la kipimo chochote, ila inahitaji nafasi pembeni. Cheni hushika vizuri kuliko mkanda, lakini hubonyeza kopo.
- Spana ya kucha tatu hujikaza yenyewe inapozungushwa. Inafaa pale ambapo bomba la moshi limebana pembeni.

Baadhi ya filta zina nati iliyochomelewa mwishoni, na hizo hufunguliwa kwa spana ya kawaida. Kutoboa kopo kwa bisibisi na kulizungusha ni njia ya mwisho: kopo huweza kuchanika, likabaki bati tu lililokwama kwenye injini.

Hali ya Ugalla na Katavi

Katika kata ya Ugalla, Wilaya ya Nsimbo, na maeneo mengine ya Mkoa wa Katavi, bodaboda husafirisha watu, wagonjwa na mazao kupitia misitu ya miombo. Wakati wa kiangazi barabara za udongo huwa na vumbi jingi. Likipita kwenye chujio bovu la hewa, vumbi huishia kwenye oili, na filta huchafuka mapema.

Umbali hadi Mpanda mjini hufanya kosa dogo kuwa ghali. Bolti iliyokatika au thredi iliyokufa kijijini inaweza kusimamisha pikipiki, na kipato chake, mpaka kipuri kipatikane. Kwa dereva mwenye pikipiki ya wavu na mzunguko, seti nzuri ya soketi, bisibisi inayolingana na skrubu na gasketi ya akiba vina faida kuliko spana ya filta.

Kufungua na kufunga

Injini hupashwa moto kidogo ili oili itoke vizuri, lakini isiwe ya kuunguza. Filta ya kopo hulegezwa kinyume cha mwendo wa saa, ikitazamwa kutoka upande wa mwisho wa kopo. Baada ya kuitoa huangaliwa kama gasketi ya zamani imetoka nayo. Gasketi mbili zikikaa pamoja, oili huvuja kwa kasi. Inaweza kuua injini au kumwagikia tairi la nyuma na kumwangusha dereva.

Gasketi mpya hupakwa oili, kisha kopo hufungwa kwa mkono mpaka gasketi iguse, na kukazwa kama maelekezo ya filta yanavyosema. Mara nyingi ni robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia, na kuitumia kukaza ndiko kunakofanya filta igome safari inayofuata. Mwishoni injini huwashwa kwa muda mfupi na kukaguliwa kama inavuja.

Oili chafu

Oili iliyotumika haimwagwi chini. Mto Ugalla hutiririka kuingia Malagarasi, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi iliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2000. Oili hukusanywa kwenye dumu lenye mfuniko, na filta kuukuu huachwa ichuruzike humo kabla ya kutupwa.