Kukubali na Kukataa kwa Kiingereza

Ninafundisha Kiingereza madarasa ya jioni, na wanafunzi wangu wengi ni wahudumu wa hoteli. Sarufi wanaijua. Kinachowakwamisha ni kupendekeza, kukubali na kukataa bila kumuudhi mgeni.

Pendekezo la Kiingereza mara nyingi huja kama swali. Anayesema "Why don't we start early?" haulizi sababu, anataka muanze mapema. "How about" nayo hufuatwa na kitenzi chenye -ing: "How about going by boat?"

Kukubali ni "I agree", kamwe si "I am agree". Mwenzako akisema "I don't like coffee", nawe huipendi, jibu "Neither do I". "Me too" haifai hapo. Tena ukiulizwa "You don't eat meat?", sisi tungesema ndiyo, yaani sili. Kiingereza kinataka "No, I don't". Ukijibu "Yes", unaweza kuletewa nyama.

Kutokubaliana ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi. "You're wrong" ni kauli kali. Tambua kwanza hoja ya mwenzako: "I see your point, but..." Nawe ukiambiwa "I'm not so sure about that", mara nyingi umekataliwa kwa adabu. Brown na Levinson, katika kitabu chao cha 1987 kuhusu adabu katika lugha, walieleza kuwa watu huzunguka hivi ili kulindiana heshima. Mswahili analijua hilo tangu utotoni. Basi yafanyie mazoezi maneno haya kwa sauti, wawili wawili, mpaka yatoke yenyewe.