Vyombo Vinavyolala Ndani ya Depo

Mwezi huu tunaongea juu ya depo. Si depo ya mahindi, kwa sababu ile kila mutu anaichunga vizuri. Tunaongea juu ya kile chumba cha nyuma, chenye kufuli mbili, ambamo koperative inaweka vyombo vya kazi: mashine ya kupukuchua mahindi, motopompe, grupu ndogo ya umeme, mashine ya kuchomelea vyuma, ile ya kukatia chuma, bomba za kupulizia dawa, na sanduku la kle za boliti.

Kutoka barabara ya Mutshatsha mupaka upande wa Fungurume na Lubudi, tunakuta jambo moja. Vyombo vipo na vimeandikwa ndani ya kaye. Vingine bado vimevaa plastiki yake ya dukani. Lakini inje, mama memba anapukuchua mahindi kwa vidole mupaka ngozi inatoka, ao analipa mufanyabiashara wa Kolwezi aje na mashine yake na arudi na magunia yake. Tukiuliza, jibu ni lile lile: "Ile njo mali ya sisi wote. Tukiitosha, itaharibika."

Hatucheki jibu hilo. Hapa kwetu kuchunga chombo kuna historia. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906, na mwaka wa 1967 mali yake ikawa ya taifa, ndiyo baadaye tukaiita Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka, na katikati ya miaka ya 1990 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Mwaka wa 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika ule mupango ulioitwa "kuondoka kwa kupenda", na wengi wao walishika jembe. Mutu aliyeona gala la piesi likikauka mbele ya macho yake anajifunza kutotupa hata boliti moja. Baba huyo leo ni memba wetu, na mara nyingi ndiye tunayemupa ufunguo.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya leo. Motopompe haiko chombo cha shamba peke yake. Wachimbaji wa mukono wanaitafuta juu ya kutosha maji ndani ya mashimo, na wanalipa zaidi kuliko mukulima wa mboga. Prezida anaogopa kuitoa asubuhi kwa kunywesha sombe na kusikia jioni kwamba imefika kwenye shimo. Ana haki ya kuogopa. Maji ya shimo yana muchanga, na muchanga unakula ndani ya pompe kwa siku chache. Kibaya zaidi, moshi wa mota una hewa isiyo na harufu, monoksidi ya kaboni, inayoua mutu aliye chini kabla hajajua. Kwa hiyo kanuni ya kwanza iandikwe wazi: pompe ya koperative haishuki kwenye shimo, hata kwa pesa gani, hata kwa ndugu wa nani.

Na kuna sababu ya tatu ambayo watu wanaisema kwa sauti ya chini. Chombo kinachungwa juu ya mugeni. Mufadhili atakuja kupiga picha, basi kikutwe kingali kinang'aa. Tuseme wazi: mashine yenye rangi yote baada ya miaka mitatu haituletei furaha. Tunafurahi kuona mupini uliovaa alama za mikono.

Sasa tuone kitu ambacho wengi hawakifikirii. Chombo kinachofungiwa kinaendelea kuchakaa, kwa njia yake mwenyewe.

Tuanze na esansi. Ikibaki ndani ya mota kwa miezi miwili ao mitatu, inaanza kuharibika na kuacha gundi ndani ya karburateri, pale penye vitundu vidogo sawa nywele. Siku mutakapovuta kamba, mota haiwaki, na mutasema waliwauzia mashine mbaya. Kumbe mashine ilikuwa nzuri, mafuta ndiyo yalizeeka. Dawa yake haina bei: kabla ya kuweka mota, funga robine ya esansi na uache mota iwake mupaka izime yenyewe. Iliyobaki ndani ya tanki itolewe na itumiwe mahali pengine. Kama munajua mutaitumia tena karibuni, basi iwasheni mara moja kwa mwezi, dakika kumi na tano hivi.

Batri ndiyo inayotuuma zaidi, kwa sababu ni ghali na inakufa bila kelele. Batri ya volti 12 iliyojaa inaonyesha karibu 12.6 ao 12.7 ikiwa imepumzika. Inajimaliza yenyewe kidogo kidogo, hata kama hakuna kitu kimefungwa juu yake. Ikishuka chini ya 12.4 na kubaki pale, chumvi inashika sahani za ndani, na chumvi hiyo ikikaa muda mrefu inakuwa ngumu na haitoki tena. Batri iliyowekwa Machi na kukumbukwa Septemba mara nyingi imekwisha kufa. Ile inayojazwa kila mwezi inaishi miaka.

Mupira unakauka na kupasuka. Bomba ya kupulizia dawa haivuji kwa sababu ilitumiwa sana. Inavuja kwa sababu iliwekwa na dawa ndani, haikuoshwa mara tatu kwa maji safi, na vile vipande vidogo vya mupira vikaliwa. Mukanda wa mashine ya kupukuchua ukiachwa umekazwa musimu muzima unachukua umbo la gurudumu. Mulegeze kabla ya kuuweka. Jembe na shoka navyo: muti unajikunja katika kiangazi, na chuma kinachezacheza kwenye mupini. Mutu akipiga bila kuangalia, kichwa cha shoka kinaruka.

Vyombo vya kuchomelea vinataka mahali pakavu. Zile fimbo za kuchomelea zikikamata unyevu wakati wa mvua, chuma kinashikana kwa juu tu, ndani kuna vitundu, na gidoni ya kinga inavunjika ikiwa na magunia matatu juu yake. Kuhusu disiki za kukatia chuma, angalieni lile duara dogo la chuma katikati: pale kunaandikwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kuitumia. Kwa kawaida ni miaka mitatu tangu ilipotengenezwa. Disiki ndogo inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na ile iliyozeeka inaweza kupasuka na vipande vyake kumuingia mutu usoni. Koperative iliyonunua katoni mbili za disiki "ili zisikose" imenunua takataka ya kesho.

Tufanye hesabu, kwa mufano tu. Tuseme mashine ya kupukuchua ilinunuliwa dola 600 na itaishi miaka sita. Kila mwaka inakula dola 100, itembee ao ilale. Kama munaitumia siku mbili kwa mwaka, siku moja inawagharimu dola 50. Kama inatumika siku 40 kati ya Mei na Agosti, siku moja inagharimu dola mbili na nusu. Sasa memba alipe dola 10 kwa siku na aweke esansi yake. Hiyo ni dola 400. Wekeni 100 kwa kununua nyingine siku moja, 100 kwa piesi na fundi, inabaki 200 ambayo inaweza kununua mbegu kabla ya mvua. Na upande mwingine, tuseme mufanyabiashara anakata gunia moja kwa kila kumi. Hesabuni wenyewe magunia mangapi yaliondoka mwaka huu kijijini kwenu wakati mashine yenu ilikuwa imelala.

Kutumia chombo pamoja haiko wazo la kutuletea sisi maskini tu. Ufaransa, tangu mwaka wa 1945, wakulima wana koperative za kutumia mashine pamoja, zinazoitwa CUMA, na leo ziko maelfu. Wenzetu wa Benin walichukua mufano huo na kuufanya wao. Kinachowasaidia ni kwamba kila memba anasema mbele ya musimu anataka mashine siku ngapi, na analipa kulingana na siku hizo. Anayeahidi siku tano na kutumia mbili, analipa tano. Ni ngumu, lakini inakata ile tabia ya kila mutu kutaka mashine inunuliwe na hakuna anayeitumia.

Kuhusu ufunguo, tuna maoni yetu. Prezida asiwe nao peke yake. Prezida anaenda kilio Likasi, anaenda mukutano Lubumbashi, na muhindi unangojea. Chagueni mulinzi wa vyombo ambaye anakaa karibu na depo, na mumulipe kitu kidogo kutoka pesa ya kukodisha. Desturi ya ateliye kubwa ni nzuri na haitaki kusoma sana: kila memba ana jetoni mbili ao tatu zenye namba yake, hata vifuniko vya chupa vilivyotobolewa vinafaa. Anayechukua kle anaacha jetoni kwenye musumari wa kle ile. Jioni, mutu yeyote akiangalia ukuta anajua nani ana nini. Jetoni zimekwisha? Rudisha kimoja kwanza.

Mashine ya kuchomelea na ile ya kukata zisikodishwe bila fundi. Zinatoka pamoja na mutu anayezijua, na malipo ni ya wote wawili. Kle, nyundo, bruweti, mashine ya kupukuchua, hizo zitembee.

Na mama zetu? Katika vikundi vingi wao ndio wanaopukuchua, lakini jina lao halionekani ndani ya kaye ya kuazima. Mama mumoja alituambia: "Kwenda kuomba ufunguo kwa muke wa prezida saa kumi na mbili, ni kama kuomba chumvi." Wekeni saa za kufungua zinazojulikana, mbele ya watu wote, na mulinzi wa vyombo anaweza kuwa mama.

Sheria iko upande wenu. Koperative zetu zinafuata sheria ya OHADA ya mwaka wa 2010, ambayo inatumika Kongo tangu Septemba 2012. Ndani yake kuna kundi la wasimamizi ambao si wale wanaoongoza, na kazi yao ni kuangalia mali na hesabu. Memba yeyote anaweza kuwaomba wahesabu vyombo. Jambo lingine: kodi ya madini ya mwaka wa 2018 inataka kampuni ziweke asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa miradi ya wenyeji, na vyombo vinaweza kutoka pale. Vikifika, ombeni karatasi inayoonyesha ni vya nani: vya kijiji, vya chefferie, ao vya koperative. Bila karatasi hiyo hakuna anayethubutu kuvitumia wala kuvitengeneza.

Kile ambacho hakikutoka depo kwa misimu miwili, kipelekwe kwenye mukutano mukubwa. Labda koperative ya jirani inakihitaji. Labda kiuzwe na pesa inunue batri. Uamuzi uandikwe, na bei iandikwe, kwa sababu chombo kilichouzwa bila karatasi kinazaa maneno ya miaka kumi.

Hesabu hiyo ifanyike Agosti. Mvua inaanza Oktoba, na piesi zinazotoka Lubumbashi ao Zambia kwa kupitia Kasumbalesa zinaweza kuchukua majuma kadhaa. Waanimateri wetu watapita Septemba na kipimo cha volti. Batri zote ziwe inje siku hiyo, hata zile zinazodhaniwa zimekufa.