Tabora iko jirani na Ikweta, lakini roketi zirushiwe baharini

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu Afrika Mashariki kurusha roketi zake, hoja ya kwanza huwa Ikweta, na hoja hiyo ni ya kweli. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na Tabora, iliyo nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, huenda nayo kwa kasi ya takribani kilomita 1,668 kwa saa. Cape Canaveral kule Florida haifiki 1,475. Roketi ielekeayo mashariki huipata kasi hiyo bure. Hata hivyo, hesabu ya kasi haipaswi kutangulia hesabu ya afya, na afya inaikataa Tabora.

Chukua ramani uchore mstari kutoka Tabora kwenda mashariki. Utapita jirani na Singida na Kondoa, kisha utokee Tanga, karibu kilomita 700 za nchi kavu. Njia ya misafara ilipinda kusini zaidi, ikakata Ugogo na Mpwapwa hadi Bagamoyo, na wapagazi wa Kinyamwezi waliishika kwa sababu ilikuwa na maji, chakula na watu. Nchi yote hiyo bado ina watu, na kipande cha chini cha roketi kikishamaliza mafuta huachwa kidondoke, mara nyingi mamia ya kilomita kutoka kiliporukia. Wapo watakaouliza mbona vituo vya kurushia roketi vya Baikonur, Kazakhstan, na Xichang, China, viko bara. Kweli viko bara, na wananchi wamelipia. Februari 15, 1996, roketi ya Long March 3B ilipinda sekunde chache baada ya kuruka Xichang, ikaanguka karibu na makazi na kuua. Nyika za Kazakhstan nazo zimepokea vipande vya roketi za Proton vyenye masalia ya mafuta ya jamii ya haidrazini, sumu inayounguza ngozi na mapafu na kudhuru ini. Ni kweli pia kwamba mafuta mapya, kama metani na oksijeni ya kimiminika, hayana sumu hiyo, na hayo ni maendeleo ya kushangilia. Lakini tani za chuma zikiangukia nyumba, usafi wa mafuta hauwafai kitu waliolala ndani.

Pwani kuna mfano wetu wenyewe. Kwenye jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitalia walirusha setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Mojawapo, Uhuru, iliruka Desemba 12, 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikawa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei ya angani. Mbele yake palikuwa na maji matupu.

Mtazamaji naye anahitaji nafasi hiyo. Akisimama kilomita 5 kutoka mtamboni, ataona moto ukipanda kimya kwa sekunde kama 15 kabla ngurumo haijamfikia, na mitetemo mizito, mingine chini ya kiwango cha kusikika, ataihisi kifuani. Spika ya televisheni haiwezi kuitoa. Jirani na mtambo sauti huzidi desibeli 150, ilhali ukomo wa kazini ni 85 kwa saa 8. Seli za kusikia zikifa hazioti tena, kwa hiyo hata kwa mbali watoto wavalishwe vizibo vya masikio. Vijana wa Tabora wanastahili kuishuhudia roketi ikiruka, na reli ya kuwafikisha pwani ipo tangu 1912.